Chemchemi Isiyoimbiwa

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa maji, kule Tlawi, nilikatazwa kwa ukali jambo moja tu: kuimba chemchemini. Bibi mzaa baba, aliyenilea, alisema pepo wa maji hupenda sauti nzuri, na akiipenda humshika mwenye sauti kifuani. Mimi nilikuwa mbishi. Bonde lile lilirudisha sauti yangu ikiwa nene kuliko ilivyotoka, na kwa mtoto mwembamba kama mimi hiyo ilikuwa raha kubwa. Nikaimba kila asubuhi, nikipiga ndoo kama ngoma.

Jumapili moja nikapewa kuongoza wimbo kanisani. Nilisimama, nikaona macho yote yamenigeukia, kifua kikabana. Pumzi ikakataa, nikaanguka mbele ya madhabahu. Ibada haijaisha, watu wameshanong'onezana kwamba nimemuudhi pepo wa maji. Majirani wakawakataza watoto wao kucheza nami, maana kwetu nyumba yenye mkosi hukaa peke yake mpaka isafishwe. Nilijua kosa ni langu. Niliona aibu hata chakula kikanishinda.

Bibi hakugomba. Alichukua kibuyu cha maziwa na fungu la majani mabichi, tukashuka chemchemini. Akamwaga maziwa, akaninyunyizia maji kwa yale majani, kisha akanipa mgongo.

"Sema ulichokificha," aliniambia. "Maji haya hayaendi mnadani kupiga umbea."

Nikasema naogopa macho ya watu. Nikalia, nikasema tena. Alipogeuka aliuliza kama nimemaliza, akanikabidhi ndoo nichote maji ya chai. Jumapili iliyofuata niliimba. Sauti ilitetemeka, lakini wimbo ulifika mwisho.

Miaka ikapita, redio za watu binafsi zikaanza kusikika. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu nilipokwenda Arusha kurekodi wimbo mmoja, nikarudi zangu kulima. Muda si mrefu wimbo ule ukawa unapigwa kila duka, Katesh mpaka Mbulu. Nikaanza kuitwa kwenye matamasha. Watu nisiowajua walining'ang'ania shati, na watangazaji waliniuliza swali lile lile: unaoa lini? Nilicheka, kisha nyuma ya jukwaa kifua kikabana kama siku ile ya kanisani. Jibu nilikuwa nalo, ila halikuwa la kusema redioni. Moyo wangu haujawahi kwenda kwa mwanamke. Siku moja pale Katesh, uwanja umejaa na jina langu linaitwa, nilitoroka.

Nilikwenda moja kwa moja Tlawi. Bibi alikuwa haoni vizuri tena. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, akaniwekea kiganja kifuani, akakiacha pale kidogo. Kisha akaomba fimbo yake. Tulishuka polepole mno, yeye na majani yake, mimi na maziwa. Tulipofika akanipa mgongo.

Niliyaambia maji kwamba nampenda mwanaume, kwamba sitaoa, na kwamba naogopa Bibi akijua atanikataa. Nilijua anasikia. Sijawahi kuogopa vile, hata jukwaani. Aligeuka, akiegemea fimbo yake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bibi."

"Basi chota maji, mjukuu wangu. Chai haijapikwa."

Hakulirudia jambo lile mpaka alipofariki, na sijui aliomba nini moyoni tulipokuwa tukipanda kilima. Mimi nilirudi jukwaani. Kifua hubana hadi leo kabla sijaimba. Nimejifunza kukisubiri kilegee, na hulegea.

Kuhusu pepo sina hakika. Hata Bibi sijui kama alimwamini, au alitaka tu mahali pa kunigeuzia mgongo ili niweze kusema. Ninachokijua ni kwamba siku ile alisikia yote, kisha akanywa chai niliyompikia kwa maji yale, akaomba kikombe cha pili.