Ushalipiwa

Miezi yangu ya kwanza Mombasa niliipitisha kama mtu aliyeamka usingizini akasahau yuko chumba gani. Nilikuwa nimetoka bara kuja kufanya kazi ya muda katika ofisi ya mizigo karibu na Liwatoni, nikapanga chumba ghorofani, Mji wa Kale. Jioni nilipanda tuktuk ya kuchangia, nauli nimeifumbata tangu kupanda hadi kushuka, mpaka sarafu zikapata joto la kiganja. Upepo uliingia ubavuni ukiwa na harufu ya udi na viazi vya kukaanga, nami nikauacha unipeleke utakako.

Mkataba ulikuwa ukingoni. Ningetaka, ningeongezewa. Sikutaka. Upweke ulikuwa umenichosha. Nilihisi kwamba nikitoweka, hakuna mlango hata mmoja ambao ungefunguliwa kuniulizia.

Jioni moja nilishuka Ngomeni, nikanyoosha mkono kulipa. Dereva akautazama tu.

"Ushalipiwa, dada."

"Na nani?"

"Na yule mama aloshuka hapo nyuma."

Nilikumbuka buibui na macho mawili, basi. Nilikasirika, nasema kweli. Kwetu mtu hakulipii nauli bila sababu. Nilipompigia mama yangu simu, alinionya: "Mkono mtupu haulambwi. Mtafute umrudishie."

Nitamtafuta wapi? Kuanzia hapo kila mwanamke aliyefunika uso nikamdhania ndiye. Nilitembea vichochoroni nikitazama macho ya watu, na mengine yakanitazama kwa huruma, kana kwamba nimepotelewa na kitu.

Wiki ya mwisho ya mkataba, kwenye tuktuk, mama mmoja aliyekaa karibu yangu alishuka kabla ya Ngomeni, akamnong'oneza dereva, akampa pesa. Sikungoja kuambiwa. Niliruka nikamfuata kichochoroni, nauli yangu mbele kama mtu anayeuza.

"Mama, samahani. Shika pesa yako."

Alisimama. Akazitazama zile sarafu, kisha akanitazama mimi.

"Kile kikohozi kimepoa, mwanangu?"

Ni kweli vumbi la maghalani lilikuwa limenikaa kifuani tangu nifike, lakini sikuwa nimemwambia mtu.

"Dirisha langu latazamana na lako," akasema. "Kila alfajiri nakusikia wakohoa, nasema, haya, mgeni wetu ameamka. Juzi hukukohoa. Nikakaa na wasiwasi mpaka nikakuona washuka ngazi."

"Lakini nauli, mama..."

"Jirani hurudishiwa nauli? Watu watasema hatujuani."

Nilifumba mkono. Machozi yalinilenga nikajifanya natafuta ufunguo mkobani, na yeye, kwa adabu ya watu wa huku, akajifanya anatazama paka. Tukaenda pamoja taratibu. Alinionyesha dirisha lake la kijani, ambalo nilikuwa nimelitazama miezi yote ile nikidhani ni la stoo.

Usiku niliwaza sana. Alfajiri adhana iliponiamsha, nilikuwa nimeshaamua kwenda kutia sahihi mkataba mpya. Nilikaa kitandani, nikasikiliza kichochoro kilivyo kimya. Kifua kilikuwa chepesi, hakina kikohozi hata chembe.

Nikaenda dirishani, nikakohoa.