Redio ya Baba na Masikio ya Cucu

Sisi tuliolelewa pande za Nyeri wakati ule tuliuheshimu umeme kwa sababu tulikuwa nao kidogo. Betri za redio zikichoka hazikutupwa. Tulizianika juu ya mabati zikaote jua pamoja na mahindi, na jioni tulizirudisha redioni zikatupa habari na salamu za wasikilizaji kabla hazijazimia tena. Aliyekuwa na haraka aliziuma kwa meno. Mwambie kijana wa leo kwamba tuliuma betri ili tusikie nyimbo, atakuangalia kama mtu anayehitaji kupelekwa hospitali. Lakini tuliuma, na meno tunayo hata sasa, ingawa machache.

Kwetu kulikuwa Tetu, na Julai ya Tetu ilikuwa na baridi ya kumfanya mtu asahau kama ana vidole vya miguu. Tulikwenda shule na viazi vitamu vya moto mfukoni, kwanza vya kupasha mikono, baadaye vya kula. Jioni tuliruka blada, ile kamba ya mpira wa tyubu, mpaka ikatike, au tukateremka mlima kwa magari ya mbao yasiyokuwa na breki zaidi ya visigino vyetu. Mama alikuwa akituambia kwamba anayecheza mpaka giza liingie chakula chake kitaliwa na paka. Paka wetu alikuwa mnene.

Baba alikuwa na pikapu ya samawati iliyofifia. Alikuwa akinunua nyanya Kagio na kuja kuziuza soko la Nyeri. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, lakini muziki ulimpenda naye aliupenda. Siku moja alirudi na kitu kikubwa chini ya turubai, nasi watoto tukakimbia tukidhani ni friji. Kumbe mtu mmoja wa Karatina aliyekuwa ameacha biashara ya magari ya abiria alimwuzia spika zake: mbili kubwa kama mizinga ya nyuki, wufa moja ya kuvuma, na amplifaya ya kuzipa zote nguvu.

Mama alizizunguka polepole kama mtu anayekagua ng'ombe asiyemtaka.

"Baba Wangari, hii ni ya nini?"

"Ni ya kusikia muziki vizuri."

"Kwani nyanya zinasikia?"

Baba akaenda kutafuta bisibisi. Alizifunga spika mwenyewe nyuma ya kiti cha pikapu, akaziunganisha na redio ya gari kwa waya mwembamba aliokuwa nao nyumbani. Muziki ulitoka, tena wa nguvu, lakini kila ngoma ilipogonga taa za mbele zilififia kidogo, kisha zikarudi. Kwa mbali ungedhani gari linakukonyeza. Mimi na ndugu zangu tuliona ni ajabu ya dunia.

Wakati huo Cucu, mama yake baba, alikuwa amehamia kwetu kutoka Kangema. Katika ujana wake yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, shambani wakichuma majani chai na hata kanisani. Watu wa Kangema walisema Cucu akiimba kwenye kilima hiki, wa kilima kile wanaitikia. Sasa masikio yalikuwa yamemwacha. Ilibidi umkaribie, umguse bega, kisha uongee kwa midomo na mikono. Aliacha kwenda kanisani. Alipoulizwa sababu alisema, "Mnafungua midomo mnafunga, mnafungua mnafunga. Kwangu mimi ni ng'ombe wanacheua." Tulicheka, naye akacheka, lakini Jumapili tulipoondoka alibaki kwenye kigoda jikoni akiangalia moto. Baba alikuwa akigeuka mara mbili njiani kutazama nyumba.

Basi Jumapili moja ya mvua, baada ya ibada, baba aliwafungulia watu muziki nje ya kanisa huku wakingoja barazani mvua ipungue. Injini ilikuwa imezimwa. Watoto walicheza, wazee walitikisa vichwa, hata mchungaji alionekana akigongagonga kiatu. Mvua ilipopungua, mama na wenzake wa kwaya walipanda nyuma na sare zao nyeupe ili wapelekwe kwenye harusi ya mwenzao. Baba akageuza ufunguo. Gari likasema "tik", likanyamaza. Akageuza tena. Hata "tik" haikusikika.

Kwaya ilishuka ikasukuma. Matope ya Tetu hayana adabu. Magurudumu yalipozunguka kila sare ilipata sehemu yake, na mama, aliyekuwa katikati, alipata ya watatu. Walifika harusini bibi harusi amekwisha ingia. Walipoingia wao, watu walidhani wametoka kuchimba mtaro.

Usiku huo mama hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotutisha. "Hiyo redio ikiwa kwa gari Jumapili ijayo, mimi nitatembea kwa miguu," alisema. "Na nitaambia kila mtu njiani kwa nini natembea."

Baba alikuwa na siku ya kwenda mjini kumpeleka Cucu kwa daktari wa masikio. Aliamua siku hiyohiyo atapitia mtaa wa Majengo kwa Fundi Shabani, aliyekuwa akitengeneza umeme wa magari nje ya nyumba yake. Mimi nilichukuliwa nimshike Cucu mkono. Shabani alifungua boneti, akaangalia waya wa baba, akamwangalia baba kwa huruma.

"Mzee, redio yako inakunywa kama ng'ombe, na wewe unaipea maji na kijiko."

"Mama ya watoto anataka itoke."

"Itoke ama itulie? Ikitulia hatajua kama iko."

Baba alifikiria kidogo, akamwachia gari. Sisi tukaenda hospitali kwa miguu, Cucu katikati yetu, akisalimia kila mtu barabarani kwa sababu aliona midomo ikichezacheza akadhani anasalimiwa.

Daktari alimpima kwa muda mrefu na kwa upole. Kisha akamwambia baba kwamba masikio yale hayatarudi, na kwamba hata vile vifaa vya kuvaliwa sikioni havingemsaidia. Baba alishukuru. Cucu alimtazama usoni akajua bila kuambiwa. Alimpiga baba mgongoni kama mtu anayempa pole, kana kwamba mgonjwa ni yeye.

Tuliporudi Majengo tulimkuta Shabani akikaza nati za mwisho. Alikuwa ameweka altaneta ya lori, ile mashine inayozungushwa na injini ili ichaji betri, na ilikuwa kubwa kuliko ya zamani. Alikuwa amefunga betri ya pili iwe ya redio peke yake, ili ile ya kuwasha gari isiguswe. Waya wa baba ulikuwa chini kwenye vumbi, na mahali pake palipita waya mnene kama kidole gumba, wenye fyuzi karibu na betri. Kwenye bodi ya gari alikuwa amekwangua rangi mpaka chuma king'ae, akafunga hapo waya wa kurudisha umeme. Cucu alikuwa amechoka, kwa hiyo tukampandisha akakaa ndani ya gari, na mke wa Shabani akamletea chai na mahamri.

"Washa gari," Shabani alisema. "Washa taa zote. Washa waipa. Sasa fungulia redio mpaka mwisho."

Baba alifungulia bila furaha yoyote, kama mtu anayemaliza kazi. Muziki ukatoka, na taa hazikukonyeza. Kuku wa Majengo walikimbia. Na ndani ya gari Cucu aliweka kikombe chini, akabandika kiganja chake kwenye mlango, kisha cha pili kwenye kiti.

"Mwangi," alimwita baba kwa jina lake, "ni nani anapiga ngoma?"

Baba aligeuka kumtazama. Cucu hakungoja jibu. Alifumba macho, akatikisa bega moja, halafu akaanza kuimba. Hakuimba ule wimbo wa redio, maana hakuujua wala hakuusikia. Aliimba wake, wa Kangema wa kuchuma chai, lakini aliupandisha juu ya ile ngoma ukakaa sawasawa. Sauti ilikuwa imeparara kidogo kwa kukaa muda mrefu bila kazi. Watu walitoka nyumbani, wanawake wa Kiislamu na leso zao kichwani, vijana wa gereji, na hakuna aliyejua maneno, ila mkono wa kupiga makofi hauhitaji maneno. Baba aliinama chini ya boneti, akasema anaangalia waya. Aliuangalia waya ule kwa muda mrefu sana.

Tulipofika nyumbani mama alikuja mlangoni tayari kwa vita. Cucu alimshika mkono, akauweka juu ya mlango wa gari huku ngoma ikigonga, akamwambia, "Sikia." Mama alisikia. Habari ya kuitoa redio iliishia hapo. Alichofanya ni kurekodi kwaya yake kwenye kaseti, ngoma zikiwa karibu kabisa na kinasa sauti, na kila jioni Cucu alipanda garini akafanya mazoezi na kaseti hiyo. Mwezi haukuisha akarudi kanisani. Aliketi kando ya ngoma, kiganja kwenye ubavu wa ile ngoma, na mara nyingine kwaya ikipotea yeye ndiye aliyewarudisha. Aliimba hivyo miaka mingi, mpaka alipotuaga.

Mpwa wangu anaishi Kenol na ana gari dogo lenye spika zilizojaa buti lote, na taa za rangi ndani kama duka la simu. Mwezi uliopita alinizungusha nalo. "Anti, ngoja usikie hii," aliniambia, na kweli nilisikia, mpaka mbavuni. Lakini vioo vilikuwa juu, tumefungiwa ndani sisi wawili na ule mvumo wote, na nyumbani kwake kila mmoja ana spika zake ndogo za kuvaa masikioni. Nilimwomba ateremshe vioo. Alisema hawezi, majirani watalalamika. Sikumbishia. Nilikumbuka tu kwamba kwetu Tetu majirani walilalamika mara moja, siku redio ya baba iliponyamaza kutwa nzima. Walikuja wawili wawili kuuliza kama kuna mgonjwa.