Ndama wa Bibi Jirani

Siku ile mnadani tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kike, baba mdogo, mnunuzi wa ng'ombe wa kupeleka Burundi, na bibi jirani yetu wa Heru Juu. Bibi hakuitwa. Alikuja mwenyewe, kwa miguu.

Ndiye aliyempa marehemu baba ng'ombe yule, angali mtamba ambaye hajazaa. Kwetu Waha, aliyepewa ng'ombe humrudishia mtoaji ndama jike wa kwanza, na mpaka ndama huyo afike, mama yake hauzwi. Wetu alikuwa na mimba ya kwanza. Lakini mdogo wangu alichaguliwa sekondari ya bweni, na baba mdogo, msimamizi wetu tangu tubaki yatima, alisema sare na godoro havitasubiri ndama. Mimi niliacha shule ili mdogo wangu asome. Ningepinga kwa mdomo gani?

"Mchinjaji wa hapa angetoa nusu," baba mdogo alisema. "Wa ng'ambo ndio wanaojua bei."

Mama muuza dagaa akadakia, "Na sisi tubaki na kinyesi! Kwa nini ng'ombe wasichinjwe hapa, vijana wetu wapate kazi?"

"Mwache aende," mwanamume mmoja akasema. "Ng'ombe ana kibali cha kuvuka mpaka. Mimi nimezaliwa hapa hapa Kasulu, bado naulizwa kwetu wapi."

Watu wakacheka. Ng'ombe alikuwa amegoma kukanyaga ubao wa lori. Wapakiaji walimsokota mkia, wakamchapa mbavuni.

"Ana mimba huyo," bibi akasema.

"Bibi, kule anakwenda machinjioni. Mimba haiongezi bei," mnunuzi akajibu.

Mdogo wangu akanivuta kanga. "Dada, tumrudishe. Sitaki shule." Nikamtazama baba mdogo. Alikwishapokea malipo.

Bibi akachukua kamba mkononi mwa mpakiaji, akamwita ng'ombe kwa Kiha, taratibu, kama alivyomwita alipokuwa ndama. Wakapanda pamoja. Bibi akashuka peke yake.

Hakunilaumu. Mdogo wangu sasa yuko kidato cha pili. Mimi nalima muhogo, na kila nikikaribia kununua mtamba, linazuka jingine. Tukikutana kisimani bibi huniuliza, "Mjukuu, ndama wangu hajambo?"

"Bado yuko njiani, bibi."

"Namngoja," husema, akinitwisha ndoo.