Tulia Juu ya Maporomoko

Shemeji yangu, mume wa dada, amepiga picha za pasipoti kwa miaka thelathini na mmoja katika chumba chenye pazia jeupe, kiti kisicho na mgongo na kioo kidogo cha kuchania nywele. Mtaani wanamwita Tulia, kwa sababu ndilo neno analomwambia kila anayekalia kile kiti.

Mwaka juzi mikono yake ilianza kutetemeka. Kamera ilikuwa juu ya stendi, hivyo wateja hawakujua. Dada alijua. Alianza kumtilia chai nusu kikombe, na hakuna aliyelizungumzia jambo hilo.

Kisha idara ya utalii ikamwomba apige maporomoko makubwa kutoka kwenye helikopta, kwa ajili ya kalenda. Mpiga picha wao alikuwa amevunjika mguu. Tulia alikubali kabla hajafikiri.

“Shemeji,” akaniambia, “picha zikitoka na ukungu, nafunga studio.”

Yaliyotokea huko juu alinisimulia baadaye.

Rubani alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyetoka kuugua mafua. Aling'oa mlango wa upande wa abiria, akamfunga Tulia mikanda miwili, akaifunga na kamera. Akaiona stendi.

“Hiyo ya nini, mzee?”

“Ya kutuliza kamera.”

“Huko hakuna kinachotulia. Iache.”

Kutoka juu, mto ulikuja mpana, bila haraka, halafu ukakatika. Mvuke ulipanda mpaka ukamlowesha viatu. Tulia alifanya alivyozoea: alitafuta pa kuegemea. Alikandamiza kiwiko kwenye fremu ya mlango, akapiga picha tisini, akazitazama. Zote zilikuwa kama zimepigwa kupitia maji ya sabuni.

“Nimeharibu,” akasema kwenye kipaza sauti.

“Umeegemea?”

“Nimeegemea.”

“Basi umepiga mtetemo wa injini yangu. Mafuta yanatosha mzunguko mmoja tu. Usiguse kitu, hata mgongo uutoe kwenye kiti.”

Akabana viwiko mbavuni. Sasa mikono ilitetemeka waziwazi, na hapakuwa na pa kuificha. Rubani aligeuka mara moja.

“Baridi au woga?”

“Inatetemeka yenyewe tu. Mwaka wa pili sasa.”

Hakuwahi kumwambia mtu.

“Haya. Weka kasi ya kamera juu kabisa, upige nyingi. Kona niachie mimi.”

Alipiga mia moja na ishirini. Alasiri tulizifungua kwenye kompyuta ya studio, yeye, dada na mimi. Alizifuta zenye ukungu moja moja. Zilibaki nne. Katika mojawapo, watu waliosimama ukingoni wanaonekana wadogo kama punje za mchele, na kila punje ina mipaka yake. Hiyo ndiyo iliyochukuliwa kwa kalenda. Iko kwenye mwezi wa saba.

“Nne kati ya mia mbili na kumi,” akasema dada. “Ungekuwa mwanafunzi ungerudia darasa.”

“Lakini zipo.”

Dada akamtilia chai, nusu.

“Jaza,” Tulia akasema.

“Itamwagika.”

“Imwagike.”

Dada alinitazama, kisha akajaza. Tulia alikiinua kikombe kwa mikono miwili. Nyingine ilimwagikia kwenye kisosi. Alikunywa ya kikombe, halafu akainua kisosi akainywa na hiyo.