Bwana Aliyenuna Kwenye Kioo

Kama umefunga ndoa katika mji huu, Tabasamu kakufokea. Usibishe. Umetoka kwa msajili na shela lako, umevuka barabara na ndugu zako nyuma wakipiga vigelegele, umepanda ngazi za mahakama ya zamani, na kabla hujaushika vizuri mkono wa mwenzako ukasikia mtu anakubwatukia: "Wewe bwana harusi, tabasamu! Umelazimishwa?"

Huyo ndiye. Jina alilopewa na mama yake analijua mkewe tu, na mkewe naye hulitoa kabatini siku za ugomvi.

Mwenyewe hatabasamu ng'o. Ana uso wa mtu aliyekanyagwa kidole kisha akaulizwa kama kaumia. Kazi ya picha alirithi kwa baba mkwe wake, kamera na mahali pa kusimama. Kamera zimekuja, zimeharibika, zimebadilishwa. Mahali hapajabadilishwa. Ni jiwe moja pana chini ya ngazi, linalotazamana sawasawa na tao la kati la jengo. Jiwe limelika katikati kwa viatu vyake hadi mvua ikinyesha linatuama maji. Jua limchome, hasogei. Gari la takataka lipige honi, hasogei. Maharusi ndio wasogee.

Na namna ya kuwapanga ni ile ile. Bibi upande huu wa tao, bwana upande ule, mikono imeshikana, na katikati yao uonekane ukumbi wa ndani ulivyo na giza. Mtu akijisogeza kuuziba huo uwazi, anakula maneno. "Hapo ni pa watoto! Mnawakalia watoto wenu?" Watu wakacheka, na hapo hapo, paa, kapiga. Kumbe ndiyo ilikuwa mbinu yake. Anawafokea, wanacheka, yeye habadiliki hata unyusi.

Sasa, mahakama ilishahamia kwingine siku nyingi. Jengo likabaki na popo, na wazee wa mji wakaamua liwe maktaba. Hapo sawa. Lakini wakabandika ubao wenye mchoro, na kwenye mchoro huo, nyuma ya mawe ya kale, kumechomoza dude la vioo na chuma limeinama kidogo mbele, mithili ya mtu anayechungulia chungu cha jirani. Vioo vyenyewe vinashuka mpaka nyuma ya matao matatu. Giza la ukumbi, kwaheri.

Tabasamu alisimama mbele ya ule ubao mpaka maharusi wakamsubiri yeye.

"Hiki nini?" akamuuliza mpita njia asiyehusika kabisa. "Bibi kizee wa watu mnamvalisha miwani ya jua?"

Ukaitishwa mkutano wa wananchi. Aliyechora jengo alikuwa dada mmoja mdogo mdogo, viatu vya raba, sauti ya chini. Mtaani walishambatiza Dada Ramani. Akaeleza kwamba jengo jipya halitaki kujifanya la zamani, kwa sababu kuiga ni kudanganya. Linataka lisimame na la zamani bega kwa bega, kila moja na umri wake.

"Bega kwa bega?" Tabasamu akasimama. "Dada, hilo limempanda mwenzake mgongoni! Hiyo ni heshima ya wapi?"

Watu wakampigia makofi. Angeishia hapo, angeondoka shujaa. Lakini mtu mwenye hasira akipigiwa makofi hajui kukaa chini. Akafungua mfuko aliokuja nao, umejaa picha za harusi, zake na za marehemu baba mkwe, akazigawa ukumbi mzima. "Jioneeni wenyewe! Jengo hili halijaguswa tangu enzi za mababu! Liko vile vile!"

Picha zikazunguka. Kisha mama mmoja wa mbele, ambaye harusi yake ilikuwamo humo, akasema, "Mwanangu, mbona hapa paa ni bati jekundu, na hii ya dada yangu ni vigae?"

"Hapa kuta zina rangi ya kijani," akasema mwingine.

"Hapa tao la kushoto limezibwa matofali. Na hii kamba ya nguo ni ya nani?"

Zikafika za baba mkwe. Kwenye hizo hakukuwa na matao kabisa. Nguzo za mbao tu, na baraza, na maharusi wamekaza macho. Ukumbi ukaangua kicheko. Tabasamu akainyakua moja, akaitazama kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza, na kweli ilikuwa mara ya kwanza. Maisha yake yote alikuwa anatazama nyuso za watu, nani kanuna na nani kafumba macho. Ukuta? Ukuta uko nyuma, nani anautazama?

Dada Ramani hakucheka. "Aliyejenga matao hayo naye nina hakika alitukanwa," alisema. "Kaka, naomba unikopeshe hizi picha. Zitanisaidia kujua kipi ni cha lini."

"Chukua! Chukua zote!" Hasira hasara. Akamkabidhi adui silaha, akatoka, mlango ukabamizwa kweli kweli.

Nyumbani mkewe alikuwa kwenye kompyuta anasafisha picha za juma hilo. Ndiyo kazi yake: kuondoa chunusi, kufumbua macho yaliyofumba, kuwapunguza wajomba matumbo. Mumewe akamsimulia yote kwa kelele. Yeye akasikiliza bila kugeuka.

"Baba naye aliyakasirikia hayo matao," akasema.

"Matao gani?"

"Hayo hayo. Walipoyajenga nilikuwa mdogo. Baba alinuna mwaka mzima. Alisema wamemzibia mlango wake kwa madonge ya mawe, na hakuna bibi harusi mwenye akili atakayesimama pale."

"Sasa mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Uliniuliza? Mimi nilidhani unajua. Wewe si ndiye unayelitazama kila siku?"

Vioo vikapandishwa. Maharusi wa kipindi hicho picha zao zina mabati ya uzio nyuma na tangazo la kuvaa kofia ngumu, na mpaka leo wana kinyongo. Uzio ulipoondolewa, ngazi zilikuwa zimesuguliwa, rangi zote zimebanduliwa, mawe yanapumua, na nyuma ya matao kioo kimoja kirefu kinakwenda juu mpaka shingo inauma. Palikuwa na mlinzi mpya pia, kijana mwenye sare iliyopigwa pasi na filimbi shingoni. Hiyo filimbi aliipenda kuliko mshahara.

"Mzee, una mpaka siku ya ufunguzi," akasema. "Baada ya hapo hakuna biashara kwenye ngazi. Agizo la uongozi."

"Mzee baba yako. Mimi nimesimama hapa kabla hujajua kufunga viatu."

"Ndiyo nakwambia una mpaka ufunguzi, mzee."

Hilo ndilo lililomkata maini. Kioo angekitukana wee mpaka akizoee. Lakini kuondolewa kwenye jiwe lake? Angeenda wapi, akawapige watu picha mbele ya duka la matairi? Hajui kazi nyingine, na hiyo anayoijua anaijulia pale tu.

Dada Ramani, akipita na michoro yake kwapani, akamkuta amesimama anakikodolea kioo. "Kaka, ukipigia hapo utajiona mwenyewe. Sogea kidogo kushoto."

"Mimi nisogee? Kioo chako kimenikuta hapa. Kisogee chenyewe."

Hajakaa sawa, ikaja harusi ya mwalimu wa chekechea na fundi wa friji. Bibi huku, bwana kule, uwazi wa watoto katikati. "Bwana harusi, umemeza mwiko? Legea!" Paa. Paa. Paa.

Jioni mkewe akazifungua picha. Akainama karibu na kompyuta. Akarudi nyuma. Akaanza kucheka hadi kiti kikalia.

"Baba watoto, njoo umwone mgeni mwalikwa."

Katikati ya maharusi, pale pale pa watoto, ndani ya kioo, alisimama mtu mzima kavaa shati la mistari, mdomo wazi, kidole kimenyooshwa, uso umekunjamana kana kwamba ameweka pingamizi la ndoa na anataka jibu. Picha ya pili, yupo. Ya tatu, yupo, na sasa kaongeza kufoka.

"Mfute," akasema Tabasamu.

"Nikimfuta huyu nafuta na kioo. Nyuma yake kuna mawingu, kuna mtaa, kuna tao limejirudia. Mume wangu, umeshikana na jengo kama rangi."

Akarudi pale kesho yake na maharusi wengine, akachuchumaa. Ikatoka picha yenye mtu anayenyemelea kuku. Akajifunika shuka jeusi. Huyo sasa alikuwa mzimu kabisa, bibi harusi mmoja alipiga ukelele. Kusogea kushoto? Ng'o. Jambo lenyewe jepesi hivyo, na kila mtu kishamwambia, mpaka muuza maji. Ndiyo sababu hasa hakulifanya.

Ndipo ikaja familia ya yule mwalimu, picha mkononi. Aliyetangulia ni shangazi yake, mwanamke ambaye ukimwona anakuja unahesabu makosa yako.

"Huyu ni nani?" akauliza, kucha juu ya kioo. "Tumemlipia binti yetu harusi aolewe na huyu?"

"Shangazi, ni kosa la jengo..."

"Jengo limenuna? Nakuuliza, jengo lina masharubu?"

Mwalimu akaichukua picha kutoka mkononi mwa shangazi yake, akaitazama kwa muda, kisha akaanza kutikisika mabega. "Shangazi, muache. Tazama: sisi tumecheka kama wajinga, ninyi nyuma mnarusha maua. Huyu ndiye peke yake siku ile aliyeonekana anajua tunakoelekea."

Fundi wa friji alitaka kukataa, kisha akafikiri, akanyamaza. Picha wakaondoka nayo. Wakaituma kwa ndugu, ndugu wakatuma kwa marafiki, na wiki haijaisha mji mzima unaijua. Na mji ukishalijua jambo hauliachi hivi hivi. Ukaanza uvumi: ndoa ambayo Tabasamu hakununa ndani yake haina mizizi. Maharusi wakaja kutoka mitaa ya mbali. "Nasi tunamtaka bwana wa kwenye kioo. Anune vizuri." Vijana wa kupiga picha kwa simu wakajaribu kununa wao, wakatoka kama watu wenye jino bovu. Kununa nako ni fani, na wao hawakulelewa na gari la takataka.

Yeye alikuwa na furaha? Thubutu. Alikuwa anawaza siku ya ufunguzi.

Ikafika. Hotuba, utepe, mkasi usiokata. Tabasamu akapanda ngazi na mkoba wake, akitaka aage kwa matusi ya heshima. Ndani mlangoni akasimama ghafla. Ukutani walikuwa wametundika picha kubwa kama mlango wa gereji: mwalimu, fundi wa friji, tao la mawe, kioo, mawingu, na katikati yeye, mdomo wazi. Chini wameandika: La Kale Ndani ya Jipya.

"Mkeo ndiye aliyenipa," akasema Dada Ramani, ambaye alikuwa amesimama pembeni muda wote. "Nimepiga picha za jengo hili mamia. Hakuna hata moja inayolieleza kama hiyo. Uongozi nao umeiona. Wewe unabaki pale pale. Ni sehemu ya jengo sasa, kama ngazi."

Tabasamu akasoma tena yale maandishi. "La kale ni lipi hapo?"

Dada Ramani akatazama viatu vyake vya raba.

"Nakuuliza, la kale ni tao au ni mimi?"

"Mzee," mlinzi akadakia kutoka mlangoni, "pokea tu."

Tangu siku hiyo ana kibali, na kibali kimekuja na ulinzi. Juzi kaja bibi harusi mmoja mpole, kamwomba kwa sauti ya chini: "Baba, samahani, naomba moja tu ambayo wewe humo. Bibi yangu anaogopa watu wakali." Tabasamu akatazama huku na huku. Hakuna anayemwona. Akainua mguu kutoka kwenye jiwe lake, akasogea kidogo kushoto, kama alivyoambiwa tangu mwanzo na dunia nzima.

Filimbi ikalia.

"Mzee! Hapo siyo!" Mlinzi anakuja mbio, kofia mkononi. "Rudi kwenye jiwe! Unaharibu mandhari!"

"Nimesogea kidogo tu!"

"Agizo la uongozi. Hakuna kubadilisha kitu."

Tabasamu akarudi kwenye jiwe, akamtazama mlinzi. Akalitazama jengo, lile dude lililoinama, na matao ambayo baba mkwe wake aliyanunia mwaka mzima. Kisha kitu kikamtoka kifuani, kikafika mdomoni kabla hajakizuia. Akacheka. Meno yote nje, mkono tumboni, na kidole cha mkono mwingine kikabonyeza kamera bila kutumwa.

Mkewe aliifungua picha ile jioni, akaitazama kwa makini, akawaita maharusi kwa simu.

"Samahani sana," akawaambia. "Rudini kesho. Katika hii mwenzenu alicheka."