Magari Mawili Mapya na Bariere za Jadotville

Niliondoka Élisabethville kwa sababu ya kifo. Msimu wa mvua uliopita, mama yangu mdogo, Mama Antoinette, mkunga wa mtaa wetu wa Katuba, alikuwa akimpeleka mjamzito hospitali kwa gari la kukodi. Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari wakaamuru injini izimwe. Ikazimwa, ikakataa kuwaka tena, na yule mwanamke akafa palepale, mbele ya bendera mpya ya nchi yetu mpya ya Katanga. Wanawake wa Katuba wakaapa kununua gari lao wenyewe, na kazi ya kulichagua wakanipa mimi.

Walinipa kwa kuwa nilijifundisha ufundi katika vitabu vilivyoachwa na Wazungu waliokimbia. Nakiri nilipata homa ya woga. Niliandaa daftari la maswali arobaini na moja: viti, breki, rangi, mlio wa milango. Ukurasa ulioingia doa la wino niliuchana, nikaanza upya. Wauzaji wawili, ambao tangu nchi ijitenge na Kongo walikuwa wakiuza vumbi tu, walikubali kutuazima magari, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na tawi katika mji wa Jadotville. Tungekwenda na la Wajerumani, turudi na la Wafaransa.

Saa kumi na mbili asubuhi, mjini. Monsieur Armand, muuzaji wa gari la Wajerumani, alinipa ufunguo kwa uso wa baba anayemwoza binti asiyechumbiwa. Tuliondoka kwa kelele za kinu cha mahindi.

"Moteri iko wapi?" Mama Antoinette aliuliza kando yangu.

"Iko nyuma, mama mudogo."

"Inaona haya?"

Saa moja, bariere ya kwanza. Nchi yetu ilikuwa changa, lakini kwa bariere ilikwisha kuwazidi wazee. Jandarme mmoja, askari wa zamu, alisema, "Zimisha moteri. Fungula mbele." Nikafungua. Akakuta gurudumu la akiba na begi la mama mdogo. Akainua bunduki kidogo.

"Moteri umeificha wapi?"

"Iko nyuma, chef."

"Gari ya kukimbilia, hii." Aliwaita wenzake watatu, wakazunguka kulitazama tako la gari kwa heshima kubwa. Kisha nikageuza ufunguo, likawaka.

Ikawa hivyo kwenye bariere zote saba. Zimisha, fungua, siyo huko, nyuma. Kila mara liliwaka. Mimi, fundi wa kujifundisha, sikuandika jambo hilo hata mara moja, maana halikuwamo katika maswali yangu. Niliandika kwamba kiti kinauma, mlango unalia, na upepo unaingia sakafuni.

Saa sita, Jadotville. Safari ya saa mbili ilikuwa imekula sita. Bwana Yannis, Mgiriki aliyeuza gari la Wafaransa, alitupa kahawa, akaufungua mlango kwa vidole viwili. "Hii hapana gari," alisema. "Hii ni kitanda." Na kweli. Nilikaa, mgongo ukapona. Kabla ya kutoka mjini nilikuwa nimeliwekea alama zote, na moyoni nilijiona nikilipitisha taratibu Katuba, watu wakitazama.

Saa nane, njia ya kurudi, jua kali. Kwenye bariere ya kwanza niliguswa na wasiwasi ambao nisingeweza kuutaja. Nilimpa askari sigara, nikamwomba injini iendelee. Akakubali. Bariere ya pili, sigara tena. Mama Antoinette alitazama dirishani.

Saa tisa, daraja la Lufira. Nikanyoosha pakiti.

"Miye Mumetodiste," jandarme alisema. "Sivute. Zimisha."

Nikazima. Alikagua, akatuaga vizuri. Nikageuza ufunguo. Gari likakohoa, likanyamaza. Niligeuza mpaka mkono ukauma. Petroli ilikuwa imechemka ndani ya bomba, haifiki kwenye injini. Jandarme watano walilisukuma, wakicheka, wakalirudisha lilipokuwa. Nilifunga bomba kwa kitambaa chenye maji, tukangoja lipoe.

Mama Antoinette alikaa kwenye kile kitanda, macho kwenye saa aliyoibana kifuani kwa pini.

"Zile sigara za huko nyuma," alisema, "ulizitoa kwa askari ama kwa gari?"

Nikamwambia ukweli: kwa gari. Nililitaka. Niliogopa likiulizwa swali moja tu, litashindwa, na mimi pamoja nalo.

"Saa moja imepita. Ule mama nilimupoteza kwa nusu saa. Leo hakuna mutu anazaa humu, njo maana minakusemesha polepole."

Lilipowaka tuliendelea. Sikutoa sigara tena. Bariere nne zilizobaki nilizima kila nilipoamriwa, na mara mbili tulikwama tukipepea bomba kwa kofia. Tuliingia Élisabethville saa tatu usiku.

Nilichojifunza hakinipi sifa. Nilikagua gari kama mtu anayechagua suti ya harusi, na marehemu ndiye aliyenituma.

Wanawake walinunua la Wajerumani. Juma lililofuata nilimpeleka mzazi wa kwanza. Tulizimishwa mara nne, tukawaka mara nne. Siku nilipomrudisha, alipanda na mtoto wa kiume mapajani, akalalamika tangu hospitali hadi mlangoni kwake: kelele, joto, kiti kigumu kama mbao.

"Gari yenu iko mubaya sana," alisema akishuka.

"Ni kweli, mama," nilimjibu, nikamshikia mtoto ashuke vizuri.