Maji ya Nyakallo

Mimi Mama Sekake sijui kuficha mambo, na hili nitalisema ingawa mwenyewe nimo ndani yake na sikutoka vizuri.

Jirani yangu Mama Moselantja alikuwa anaogopa furaha. Wengine huogopa radi, wengine wachawi, yeye furaha. Shamba lake likinusurika mvua ya mawe, utamsikia analalamika kwamba funza wameumaliza mtama. Ukimsifia kondoo atakujibu, "Manyoya gani, shoga? Upele mtupu huo," na kondoo mwenyewe amenona hadi anatembea kwa shida. Nikimcheka ananiziba mdomo kwa kiganja, na kiganja chenyewe kimetoka kushika samadi.

Hakuzaliwa hivyo. Tuliolewa kijijini hapa mwaka mmoja, na siku hizo hakuna aliyemshinda kwa kucheka. Mtoto wake wa kwanza aliitwa Nyakallo, maana yake shangwe, na shangwe ilikuwepo kweli: tulikunywa pombe siku mbili, mume wake akamwagiwa maji ya mtoto wa kike hadi soksi zikalowa; kwetu baba wa msichana hupewa habari kwa maji, wa mvulana kwa fimbo. Wiki ya sita mtoto akafa. Wa pili, wa kiume, alifurahiwa zaidi, akafa hajaota meno. Wa tatu aliishi siku tisa.

Alipozaliwa wa nne, mama hakutabasamu. Alimpaka majivu, akamvisha matambara, akamwita Moselantja, yaani mkia wa mbwa, ili kifo kikipita kione hapa hakuna cha kuchukua. Kwetu jina kama hilo si tusi, ni kinga. Lakini wenzake huwaita watoto hivyo mbele za watu, wakiwa peke yao wanawabusu. Yeye hakumbusu binti yule hata siku moja. "Mkia wa mbwa, njoo ule." "Mkia wa mbwa, leo una sura mbaya kweli." Binti akaishi, akarefuka, akapendeza, na mama akaamini kabisa kwamba ni woga wake uliomweka hai. Niliwahi kumbishia, nikanuniwa miezi miwili.

Moselantja aliolewa na Tlali, ng'ambo ya mlima. Siku ya harusi wakwe wakampa bibi harusi jina jipya kama ilivyo desturi, jina la mtoto atakayemzaa. Mama yake Tlali akasimama, akapaza sauti: "Kuanzia leo huyu ni Mama Nyakallo!" Lilikuwa jina la bibi yao, masikini, hawakujua lolote. Jirani yangu alinishika mkono hadi kucha zikaniingia.

"Wamemwita," akaninong'oneza. "Mama Sekake, wamemwita tena."

Mimba ilipofika miezi ya mwisho, binti akarudi kujifungulia kwa mama yake. Nyumba ile ikawa haina raha. Marufuku kushona nguo ya mtoto, marufuku kuimba, marufuku kusema "akizaliwa." Mtoto akaja alfajiri ya baridi kali, wa kike, mnono, ana sauti ya kuchungia ng'ombe.

"Mama, mtazame basi," binti akamwambia.

"Nimeona. Ana kichwa kikubwa."

Hata utete wa kuchomeka juu ya mlango, wa kuwajulisha wapita njia kwamba ndani kuna mzazi, hakuuweka. Akanivuta pembeni, macho yamemtoka.

"Utaenda kwa wakwe. Sema amejifungua, basi. Usimmwagie mtu maji."

"Wewe mwanamke una kichaa? Baba atajuaje kapata mtoto gani? Tuseme angekuwa wa kiume, ningeacha kumchapa fimbo?"

"Ungeacha! Wakipiga vigelegele kule, atasikia." Hakusema ni nani atakayesikia. "Niapie, Mama Sekake. Niapie kwa kaka yako marehemu."

Nikaapa. Nilikuwa nimechoka, na nilimwonea huruma.

Nilipofika kwa wakwe, ua mzima ulisimama. Tlali aliponiona alicheka, akavua blanketi lake, akanigeuzia mgongo, akafumba macho kusubiri, iwe fimbo au iwe maji. Mgongo ule mbele yangu na mikono yangu mitupu!

"Amejifungua," nikasema.

Mama Tlali akasogea. "Mtoto gani, mwenzetu?"

"Sina la kusema."

Akatazama mikono yangu. Tlali hakugeuka. Aliendelea kusimama vile vile, ila mabega yalianza kumshuka. Nikasingizia theluji, nikaondoka upesi. Kabla sijafika bondeni nikasikia kilio nyuma yangu, nikajiambia ni upepo. Mtu mzima mimi, nimezika wangapi, eti sijui kilio cha msiba! Nilijua. Niliona aibu kurudi, na nilikuwa nimeapa.

Asubuhi yake nilikuwa uani na jirani yangu, yeye anafagia, mimi natafuta namna ya kumwambia. Farasi wanne wakatokea juu ya mlima, wanashuka taratibu, hakuna anayeimba. Mbele alikuwa Mama Tlali amejifunika blanketi hadi kichwani, na mapajani amepakata ngozi nyeupe ya mwanakondoo iliyokunjwa vizuri. Sote tunajua ngozi kama ile hufungiwa maiti ya mtoto mchanga.

Ufagio ukamponyoka. "Wamejuaje?" akauliza. "Mama Sekake, wamejuaje kabla yangu?"

Akakimbilia ndani, na mimi nyuma yake. Binti alikuwa amesinzia. Mtoto kando yake ametulia kimya, uso umeelekea ukutani. Mama Moselantja akapiga magoti lakini mikono ikakataa kumgusa. Nikasema moyoni, tumemuua kwa midomo yetu.

Akamnyakua, akamtikisa. Kimya. Akamtikisa tena.

Mtoto akaachia kilio cha hasira hadi kuku wakatawanyika uani.

Nje farasi wakasimama. Wanaume hawaruhusiwi kuingia kwa mzazi, kwa hiyo Tlali alibaki pale pale, na nilipotoka nilimkuta amekaa chini kwenye barafu.

"Nani huyo analia?" akaniuliza. "Mama, nakuomba. Mtoto wa nani?"

"Wako," nikasema. "Wa jana. Mzima. Nipigeni mimi."

Hakunipiga. Mama Tlali ndiye aliyeshuka na ile ngozi mkononi, akaenda moja kwa moja mlangoni.

"Usiku kucha tumelia! Umemzika mjukuu wangu yu hai! Wewe ni mama wa namna gani?"

Jirani yangu alimrudishia binti mtoto, akapita katikati yetu, akaenda kwenye ndoo ya maji iliyolala nje. Akavunja barafu kwa ngumi. Akaibeba ndoo hadi kwa Tlali, akammwagia nusu yake kichwani, kijana akapiga yowe.

"Msichana," akasema. Kisha akafumba macho kama anayesubiri kofi, akalisema lile jina aliloliogopa miaka yote. "Nyakallo."

Vigelegele vya Mama Tlali sijapata kuvisikia tena. Tlali alikuwa analia na kucheka, maji yanamtiririka. Hapo Moselantja akasimama mlangoni, mtoto kifuani, blanketi limemteleza bega moja.

"Mama," akasema polepole. "Nilipozaliwa mimi, baba alimwagiwa maji?"

Mama Moselantja alimtazama binti yake kwa muda mrefu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama bila kumtafutia kasoro.

"Hapana, mwanangu," akasema.

Baba mtu yuko kaburini miaka kumi na moja. Hapakuwa na mgongo wa kupokea habari ile. Mama Moselantja akainua ndoo kwa mikono miwili na kujimwagia maji yote yaliyobaki, barafu na vyote, kuanzia kichwani.

"Msichana," akasema, meno yanagongana. "Mzuri. Mzuri sana."

Nilivua blanketi langu nikamfunika.

"Naogopa, Mama Sekake," akaniambia sikioni.

"Ogopa," nikamwambia. "Ila ingia ndani kwanza, ubadili nguo, umbebe mjukuu wako."